Twiga Walikuwa na Majina: Historia Fupi ya Kamera Tunazoweza Kumudu

Katikati ya miaka ya 1970, twiga wawili wachanga walitolewa Soy wakapelekwa kuishi Lang'ata, Nairobi, nyumbani kwa Jock na Betty Leslie-Melville. Mmoja aliitwa Daisy, mwingine Marlon. Wakati huo ranchi ya Soy, ekari 18,000, ilikuwa inakatwa vipande ili maskwota wapewe mashamba, na twiga wa aina ya Rothschild waliobaki pale walikuwa kama 130 tu. Betty aliandika kitabu kuhusu Daisy. Mwaka 1979 Wamarekani wakatoa filamu ya televisheni, The Last Giraffe. Ukienda leo Giraffe Centre pale Lang'ata, ukapanga laini na watoto wa shule kulisha twiga, ujue hadithi hiyo ilianzia huku kwetu, kando ya barabara ya Eldoret kwenda Kitale.

Sina ugomvi na twiga. Waliokolewa, na ni vizuri. Lakini kila nikisoma hiyo hadithi naona kitu kimoja: twiga wana majina, na watu ni "maskwota" tu. Walikuwa nani? Walilala wapi usiku wa kwanza? Nani alipima mipaka, na majirani waligombana wapi? Mimi nimekulia Soy na sijawahi kuona hata dakika moja ya filamu ambamo mmoja wao anajisemea mwenyewe. Kamera ilikuwa upande wa twiga.

Ndiyo maana mtu akiniuliza, "Buda, ninunue kamera gani?" huwa sikimbilii bei. Na naulizwa sana. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipogoma, na tangu hapo naishi kwa kuandika: skripti za video za harusi, maelezo ya chaneli za YouTube za watu, makala kama haya. Siku za koito, wakati familia mbili za Kikalenjin zinapokutana kupatana mahari, mimi ndiye mse anayeshika maiki nyuma ya hema. Nimeona vijana wakiuza ng'ombe wa nyumbani wakanunua mwili wa kamera, halafu wakakosa pesa ya maiki. Nimeona pia msichana wa sekondari akitoa kazi safi kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Nilipoanza kufuatilia vile watu wa ukanda huu walivyochagua vifaa miaka tisini iliyopita hadi leo, nilikuta waliofaulu hawakuanza na kamera. Walianza kwa kuuliza nani atatazama, kwa lugha gani, na kwa mashine ipi. Kamera ilikuja mwisho.

Tuanze na mwaka 1935. Kule Vugiri, kwenye milima ya Usambara, Tanganyika, kulianzishwa mradi uliojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment. Pesa ilitoka kwa Carnegie Corporation ya New York pamoja na serikali za kikoloni. Wakuu wake walikuwa Waingereza wawili, L. A. Notcutt na Geoffrey Latham. Hadi mradi unafungwa mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35, nyingi kuhusu kilimo, afya na kuweka akiba. Zilizungushwa kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Nia yao ilikuwa ya mkoloni: kumfundisha Mwafrika aishi vile wao wanataka. Hiyo hatuifichi. Lakini angalia vifaa walivyochagua. Sinema za biashara wakati huo zilitumia ukanda wa milimita 35. Wao wakachukua milimita 16, ambao Kodak ilikuwa imeuleta mwaka 1923 kwa watu wa kawaida, kwa sababu ulikuwa mwepesi na wa bei nafuu. Kuhusu sauti walifanya ujanja zaidi. Teknolojia ya kuchapa sauti pembeni mwa ukanda wenyewe ilikuwepo, lakini ukishachapa Kiswahili, filamu hiyo imekuwa ya Kiswahili daima. Kwa hivyo wakaweka maelezo kwenye santuri. Picha ni ile ile; ukifika kwa watu wa lugha nyingine unabadilisha santuri tu. Uamuzi mkubwa wa vifaa vyote ulitokana na lugha ya mtu aliyekaa kwenye nyasi mbele ya kitambaa cheupe.

Kasoro yake unaiona mara moja. Santuri ilikuwa sauti ya msimulizi. Watu waliomo kwenye picha walifungua midomo, na mtu mwingine akaongea juu yao.

Ili hilo libadilike, ilibidi vifaa vya sauti vipungue uzito. Mwaka 1951 mhandisi mmoja mzaliwa wa Poland aliyeishi Uswisi, Stefan Kudelski, alitoa kinasa sauti cha kubebeka alichokiita Nagra. Toleo la tatu, la mwaka 1958, ndilo lililovamia ulimwengu wa filamu. Sasa mtu mmoja angeweza kutembea na kamera nyepesi ya milimita 16, mwenzake akatembea na Nagra begani, na picha na sauti zikaenda sambamba bila jenereta wala lori.

Vifaa vya aina hii vilipita kwenye barabara yetu. Endelea kutoka Soy, upite Kitale, ushuke hadi Lodwar: hiyo ndiyo nchi ambako David na Judith MacDougall walipiga filamu tatu za Turkana Conversations mwaka 1973 na 1974. Yeye alishika kamera, mkewe akashika sauti. Badala ya msimulizi wa Kiingereza kufunika maneno ya watu, waliwaacha Waturkana waongee Kiturkana kwa urefu wanaotaka, na tafsiri ikaandikwa chini ya picha. Leo hilo ni jambo la kawaida hadi kwenye TikTok. Wakati ule filamu nyingi kuhusu Afrika hazikumpa mchungaji wa mifugo nafasi ya kumaliza sentensi.

Angalia miaka: 1973, 1974. Ni wakati ule ule ranchi ya Soy inakatwa. Kamera iliyoweza kumsikiliza mzee kwa lugha yake ilikuwepo, kilomita mia kadhaa kaskazini mwetu. Hapa Soy ilikuja kamera ya wanyama.

Wale MacDougall walikuwa wageni wenye ufadhili, na hilo lina sababu ya kihesabu. Mkanda mmoja wa milimita 16 wenye urefu wa futi 400 unabeba kama dakika 11. Ule mdogo wa futi 100 haufiki hata dakika 3. Ukishaurekodi, lazima uende maabara kuoshwa, na hujui ulichopata mpaka urudi. Kwa hivyo kila sekunde ilikuwa pesa, na mwenye kuamua nini kinafaa kurekodiwa alikuwa mwenye mikanda.

Mwenzetu mmoja alivunja huo mlango mapema. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akalelewa Dar es Salaam, na huko ndiko alikoanzisha kampuni yake, Camerapix, mwaka 1963, akiwa hata hajafika miaka 21. Mwaka uliofuata alirekodi mapinduzi ya Zanzibar. Baadaye alihamia Nairobi. Picha zake za njaa ya Korem, Ethiopia, zilizorushwa na BBC Oktoba 1984 pamoja na ripoti ya Michael Buerk, zilitikisa dunia hadi wanamuziki wa Uingereza na Marekani wakaimba kuchangisha pesa.

Watu humkumbuka Mo kwa ujasiri. Mimi namkumbuka kwa jambo la karatasi: alifanya kazi chini ya kampuni yake mwenyewe. Alifariki tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na Komoro, lakini maktaba yake ya picha ilibaki mikononi mwa familia na wakfu wenye jina lake. Mwenye kukukodisha kamera anaweza kutaka haki za picha pia. Hilo uliulize kabla ya kuuliza kamera ina megapikseli ngapi.

Kuna jina la pili ninalotaka ulishike. Juni 1991, ghala la silaha lililipuka Addis Ababa wakati Amin na wenzake wanarekodi. Amin alipoteza mkono wa kushoto, akawekewa wa bandia, akarudi kazini. John Mathai, mtu wa sauti, alikufa pale pale. Hata kwenye hadithi za mashujaa wa habari, mtu wa maiki husahaulika kwanza.

Turudi kwenye picha, kwa sababu kuna ubaguzi mwingine uliokuwa ndani ya mkanda wenyewe. Kwa miongo mingi, maabara za filamu za rangi zilipima rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizoitwa kadi za Shirley. Ngozi nyeupe ikitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, amefuatilia vile Kodak ilivyokuja kuboresha mikanda yake: presha iliyosikika haraka ilikuwa ya watengenezaji wa chokoleti na fanicha, waliolalamika kwamba rangi za kahawia hazitofautiani. Chokoleti ilituwakilisha.

Kamera za kidijitali zimeboreka sana, lakini bado ukiacha mashine ijiamulie, itaangalia gauni jeupe la bibi harusi, iogope mwanga, na kumzamisha bwana harusi gizani. Kwa hivyo kamera yoyote utakayochukua, hata simu, iwe inakuruhusu kufunga mwanga mwenyewe. Pima kwenye uso. Gauni litajitetea.

Mlango uliofunguka kwa wengi haukuwa wa sinema, ulikuwa wa VHS. JVC iliutoa mfumo huo Japani mwaka 1976, na polepole kanda zikafika kwenye vibanda vyetu vya video. Halafu mwaka 1995 ikaja MiniDV. Kanda ndogo kuliko pakiti ya sigara, dakika 60, hakuna maabara. Saa moja iliyohitaji mikanda mitano na nusu ya futi 400 sasa iliingia kwenye mfuko wa shati, na ungeweza kuirudisha nyuma ukaangalia papo hapo.

River Road, Nairobi, ilielewa hilo kuliko chuo chochote cha filamu. Watu wa pale, ambao baadaye mtaa wao uliitwa Riverwood, walitoa vichekesho na drama za Kikuyu, kisha za lugha nyingine, kwenye kanda na baadaye VCD na DVD. Hawakungoja ukumbi wa sinema, kwa sababu mtazamaji wao hakuwa huko. Alikuwa sebuleni, kwenye baa, kwenye basi la usiku. VCD moja hubeba dakika 74 hivi, kwa hivyo filamu ikizidi hapo unaikata iwe sehemu ya kwanza na ya pili, na unaiuza mara mbili. Huku Eldoret wanamuziki wa Kikalenjin waliuza video zao kwa mtindo huo huo kabla ya YouTube. Wakosoaji walicheka picha: mwanga mbaya, kamera inatetemeka. Wanunuzi walinunua kwa sababu walielewa kila neno.

Mwaka 2008 Canon ikatoa EOS 5D Mark II, kamera ya picha iliyorekodi video ya HD kwa lenzi kubwa. Ghafla kila harusi ikataka ule ukungu mzuri nyuma ya uso. Hapo ndipo vijana wengi wa rika langu walipofundishwa kwamba kamera ndiyo kila kitu. Lakini 5D ile ilikatika baada ya kama dakika 12, na kamera nyingi za aina yake zilizofuata zilikoma kwenye dakika 29 na sekunde 59. Unajua kwa nini? Ulaya ilikuwa inatoza ushuru wa forodha kifaa kinachorekodi mfululizo nusu saa au zaidi, kwa kuwa kilihesabiwa kamera ya video. Watengenezaji wakaikata sekunde moja kabla. Kwa hivyo kama sala ya mzee kwenye koito ya dada yako imekatika katikati, kuna uwezekano alikatizwa na afisa wa forodha wa Ulaya.

Kutoka Uganda kuna funzo ambalo halihusu kurekodi kabisa. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, filamu ya mapigano iliyogharimu, kwa maelezo yao, chini ya dola 200. Kompyuta aliunga mwenyewe kutoka vipande, bunduki zilichomelewa kwa vyuma chakavu, na DVD ziliuzwa nyumba kwa nyumba. Trela yake ilipoingia YouTube, dunia nzima ikamjua. Lakini faili asili haipo. Diski ilijaa, na ili atengeneze kazi iliyofuata ilibidi ile ya nyuma ifutwe. Tunachotazama leo ni nakala ya DVD. Filamu maarufu kuliko zote za mtaa huo ilinusurika kwa sababu mtu fulani aliinunua.

Sasa, swali la duka. Wacha nijibu vile historia inavyonielekeza, nikichukulia una simu nzuri kiasi na shilingi 50,000 mkononi.

Ya kwanza kununua ni maiki ya kubana kwenye shati, yenye waya. Ya waya haihitaji kuchajiwa, na haigombani na mitambo ya sauti ya kanisani. Kama simu yako haina tundu la maiki, tafuta kinasa sauti kidogo cha pembeni, ukiweke mfukoni mwa mzee, kisha piga kofi moja mbele ya kamera kabla hajaanza. Hilo kofi ndilo litakalokusaidia kuoanisha sauti na picha baadaye, na kazi hiyo ni ya Nagra ile ile. Jua pia kwamba mvua ikigonga mabati hakuna programu itakayokuokoa. Toka nje au ngoja iishe.

Ya pili ni stendi imara na betri ya akiba, maana stima ya huku unaijua. Weka simu kwenye hali ya ndegeni kabla ya kurekodi, ili mtu asikupigie katikati ya hadithi ya 1974.

Ya tatu, diski mbili. Si moja kubwa, mbili. Moja ikae kwako, nyingine ikae nyumba tofauti kabisa, kwa shangazi au kwa rafiki. Usifute kwenye simu mpaka zote mbili zimefunguka na umezitazama. Ukikumbana na kanda za MiniDV au VHS kwa mtu, zinakilishe mapema, maana mashine za kuzicheza zinazidi kuadimika kila mwaka.

Kamera yenyewe, ikodishe siku ya kazi inayolipa. Mwaka 2015 filamu ya Marekani, Tangerine ya Sean Baker, iliingia tamasha la Sundance ikiwa imepigwa kwa iPhone 5S. Kila mtu hutaja simu. Wachache hutaja kwamba sauti haikuachiwa simu. Ilirekodiwa kwa vifaa vya kazi, na mtu wa sauti. Siku utakapohitaji kamera kubwa utaijua, kwa sababu utakuwa na jambo mahususi linalokushinda: giza la ukumbini, mkimbiaji aliye mbali uwanjani, skrini kubwa inayodai picha safi. Mpaka siku hiyo, mikopo ya kununua lenzi ni noma tu.

Najua kuna atakayesema, "Lakini mteja huangalia kamera. Ukienda harusini na simu, hawakulipi." Ni kweli, na mimi pia nala kwa hizo harusi. Ndiyo maana nasema kodisha. Ya kuvutia mteja ni gharama ya siku moja. Maiki na diski ni zako siku zote, hata siku ambayo hakuna anayekulipa.

Na kazi isiyolipwa ndiyo inayonisumbua. Aliyekuwa na miaka 25 wakati twiga wanapakiwa kwenye lori amevuka 70 leo. Wengine bado wanachunga ng'ombe wawili, bado wanajua mpaka wa shamba ulianzia mti gani, nani alirukwa kwenye orodha na kwa nini. Hayo mambo bado yanagusa kesi za ardhi na chuki za majirani, na hatujui yote vizuri kwa sababu kila familia ina toleo lake lisilorekodiwa. Wanaongea Kinandi, Kiswahili, Kibukusu, Kikuyu, kutegemea nani amekuja kumtembelea. Hawahitaji ukungu mzuri nyuma ya uso. Wanahitaji mtu atakayekaa saa mbili bila betri kuisha, na atakayeandika majina yao vizuri.

Mwezi huu nimeanza na wazee wanne. Simu, maiki ya waya, stendi, diski mbili. Kwa kila mmoja swali la kwanza ni lile lile: jina lako kamili nani, na ulifika Soy mwaka gani?